Tochi Humulika Miguu

Jumatatu, 12 Februari

Kwa Mama Tochi,

Shikamoo. Jina lako halisi silijui, naomba radhi kukuita hivi, lakini ndivyo baba alivyokuwa akikuita kila tukiongea kwa simu. "Leo Mama Tochi kanigombeza, eti nimenyoosha miguu njiani kama niko sebuleni kwangu." Mimi ni binti yake wa mwisho. Yeye ni yule mzee wa kofia ya sufu aliyekuwa akija ukumbini kwenu kila Jumatano, onyesho la mchana.

Kaka yangu ndiye aliyekuja huko kuuchukua mwili, tukamzika huku kwetu. Mimi huko sikufika. Meneja wenu alituandikia barua ya pole. Alisema filamu ilipokwisha baba alisimama mwenyewe, akapatwa na kizunguzungu kwenye ngazi, nawe ukamshika, ukakaa naye ukimpepea mpaka gari likaja, akakata roho njiani kwenda hospitali. Alimalizia kwa kusema baba hakuteseka na hakuwa peke yake.

Nimeisoma sentensi hiyo ya mwisho mpaka karatasi imechoka. Ndiyo maana nimeandika, nikushukuru wewe mwenyewe. Namba yangu ya simu iko hapo chini. Ukipata dakika mbili nipigie, uniambie alikuwaje.

Binti yake wa mwisho


Jumatano, 21 Februari

Kwa binti wa marehemu,

Marahaba, na pole sana kwa msiba. Ni kweli nilikuwa karibu na baba yako. Alikuwa mtulivu. Nilifanya kile ambacho mhudumu yeyote wa ukumbi wetu angefanya. Uongozi unaungana nami kuipa pole familia nzima.

Mhudumu wa ukumbini

Naongeza hapa kwa penseli, bahasha haijafungwa. Mwanangu, simu sitaweza. Ukitaka kuandika tena, tumia anwani ya dada yangu niliyoiweka mgongoni mwa karatasi hii. Usiandike ukumbini.


Ijumaa, 1 Machi

Mama Tochi,

Shikamoo. Nimefurahi kuona ile penseli. Nilijua kuna mtu nyuma ya zile sentensi zilizopigwa pasi.

Usiogope kunieleza mambo yalivyokuwa. Mimi ni muuguzi, wodi ya watu wazima, mwaka wa kumi na moja sasa. Hakuna utakaloniambia ambalo sijaliona kitandani kwa mtu mwingine. Nataka tu vitu vidogo. Siku hiyo mlionyesha filamu gani? Alikaa wapi? Alisema nini mwishoni? Kaka yangu anasema niache kuchokonoa, lakini yeye alimwona baba, hata kama ni akiwa amelala. Mimi nina sauti yake ya kwenye simu basi.

Kuna jambo jingine. Kaka alipokuja, dereva mmoja alimwambia maneno ya ajabu. Kwamba mtaani kwenu watu wanasema baba alikaa kwenye kiti amekufa filamu nzima na hakuna aliyejua. Nilimwambia kaka ni umbeya. Ni umbeya, sivyo?

Binti yake


Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Afadhali sasa tunaongea bila meneja kusimama begani kwangu. Barua yako ya kwanza ilinifikia tayari imefunguliwa, naye akanisimamia mpaka nikaijibu. Ndiyo maana jibu lile lilinuka ofisi. Ana tai mbili tu huyu bwana, ya kijani na nyeusi, na siku hiyo alivaa nyeusi, nikajua mambo ni mazito.

Ya simu nisamehe. Kwenye simu mtu anasikia unavyomeza mate.

Baba yako alikaa safu ya tisa, kiti cha kando, ili asiruke miguu ya watu akienda chooni. Filamu ya kwanza ilikuwa ya mapigano, ya pili ya mapenzi. Lakini nikwambie siri ya onyesho la mchana: nusu ya watazamaji wetu hawaji kutazama. Ni wazee. Nyumbani kuna wajukuu, redio na wakwe. Kwetu kuna feni, giza na kiti cha mto. Tiketi moja, filamu mbili. Wanalala, nami huwaacha. Dada aliyenifundisha kazi aliniambia siku ya kwanza, tochi humulika miguu, haimuliki uso. Ukimmulika mtu usoni amelala mdomo wazi umemvua nguo mbele ya ukumbi. Mwaka wa kumi na tisa huu sijawahi kummulika mtu uso. Hata fundi wetu wa mashine, mtu asiyesifu kitu, hulisifu hilo.

Siku hizi hakuna wa kummulika hata miguu. Kabla ya Januari mchana tulikuwa tunapata sabini, themanini. Wiki hii walikuja kumi na mmoja, katika viti mia nne. Meneja anasema ni simu, kila mtu ana filamu zake kitandani. Fundi wa mashine anasema ni meneja. Wote wana ukweli kidogo, watu walianza kupungua zamani, taratibu, kama nywele. Zamani hapa ulikuwa unagusana viwiko na jirani. Ukikohoa mtu anakupa maji, ukilia anakupa leso. Sasa kila mmoja ana safu yake peke yake, na mimi nikisimama nyuma naona vichwa vichache mbalimbali vimeinama, na mwili unanisisimka. Nahesabu wanaocheka. Wasipocheka nakosa raha.

Umeuliza alisema nini. Alisema, "Asante." Kisha akakutaja wewe. Alisema, "Mwambieni kitinda mimba wangu nilikuwa salama."

Hayo ya dereva usiyasikilize.

Mama Tochi


Jumapili, 17 Machi

Mama Tochi,

Shikamoo. Alinitaja. Nimekaa na jambo hilo wiki nzima na sijui niliweke wapi.

Sasa sikia nilichofanya. Nimeandika gazetini, lile linalosomwa mpaka huko kwenu, ukurasa wa barua za wasomaji. Nimeeleza kuwa mimi ni mtoto wa marehemu, kwamba ule umbeya wa maiti kutazama filamu ni uongo, na kwamba kuna mama mmoja mwenye tochi aliyemshika baba yangu mikononi mpaka mwisho. Nimewaomba watu warudi ukumbini. Wameichapa Ijumaa, pamoja na picha ya baba akiwa na kofia.

Tarehe kumi na tano Aprili naanza likizo. Nitakuja huko. Nataka unisimamishe pale pale kwenye ngazi ulipomshika, unionyeshe.

Binti yake


Jumatano, 27 Machi

Mwanangu, usije.

Subiri, nimeanza vibaya. Naandikia jikoni kwa dada yangu, mlango nimeufunga.

Meneja amelikata lile gazeti akalibandika kwenye kioo cha dirisha la tiketi. Watu wamerudi. Jumatano iliyopita walikuwa hamsini na tatu, leo zaidi ya tisini. Wanakata tiketi, wanaisoma barua yako, halafu wananitafuta. Mama mmoja alinishika mikono hii miwili akaibusu. Akasema, "Hii ndiyo mikono." Nilikwenda chooni nikaiosha.

Silali. Kila bahasha ikija nadhani ni polisi. Mtu akinigusa bega nyuma nashtuka mpaka naangusha tochi. Leo nilisimama pale nyuma, ukumbi umejaa kama zamani, na badala ya kufurahi damu ilinikauka, kwa sababu wote wale wamekuja kwa jambo ambalo halikutokea.

Baba yako hakusimama. Hakufika kwenye ngazi. Sikumpepea. Yule dereva alisema kweli.

Saa kumi, filamu ya kwanza ilipokwisha, taa ziliwashwa nusu kama kawaida. Nilipita safu ya tisa. Kofia ilikuwa imemwanguka miguuni. Niliiokota nikamwekea mapajani, na sikumtazama uso. Amelala, nikasema moyoni, kama Jumatano zote. Jirani yake wa karibu alikuwa safu nne mbele. Taa zikazimwa, tukaanza ya pili. Nikapita tena katikati ya filamu, nikamulika miguu yake, imetulia, nikaendelea zangu. Saa kumi na mbili na nusu taa zote zikawaka. Nikamwambia, "Mzee, tumefunga." Nikamwambia mara ya pili. Ndipo nikamgusa shingo, nikapiga kelele mpaka fundi wa mashine akashuka mbio na viatu mkononi.

Meneja alituambia, "Hakufia ndani. Mmenielewa? Amefia njiani." Tukambeba mpaka kwenye gari lake, tukamkalisha kiti cha nyuma, mimi nikamshika kichwa kisiinamie dirishani. Hapo tu ndipo nilipomshika baba yako mikononi. Watu watatu walikuwa bado nje wakingoja mvua ipungue, nao waliona. Siku ya pili mtaa mzima ulijua.

Hakukutaja. Hakusema neno. Hilo nililitunga mwenyewe, meneja hakuniambia, na sijui shetani gani alinishika.

Lakini naomba uniamini hili moja. Nilipomwekea kofia alikuwa tayari ameshakwenda. Hakukuwa na la kufanya. Nina hakika nalo.

Nisamehe ukiweza. Na kama utapeleka mambo polisi, nipe siku mbili nimwambie dada yangu kwanza, ana shinikizo la damu.

Mama Tochi


Alhamisi, 4 Aprili

Mama Tochi,

Nilijua.

Kaka alirudi na karatasi ya hospitali tangu siku ya mazishi. Imeandikwa kwamba alipoletwa alikuwa amefariki zaidi ya saa nzima. Sikuhitaji hata hiyo. "Hakuteseka, hakuwa peke yake." Maneno hayo nimewaambia watu koridoni mara ngapi! Tunawaambia wakiwa bado wameshika chupa ya uji waliyomletea mgonjwa. Tunawaambia hata pale ambapo tulimkuta alfajiri ameshakuwa baridi. Nilipoyaona kwenye barua ya meneja wenu niliyatambua kama mtu anavyotambua kanga yake mgongoni kwa mwingine.

Kwa hiyo sikukuandikia kushukuru. Nilikuandikia nione utadanganya mpaka wapi. Ulipoandika kuwa alinitaja niliitupa barua chini, nikaiokota, nikaitupa tena. Siku hiyo hiyo nikaandika gazetini. Nilitaka watu wakusifu, wakubusu mikono, mpaka ushindwe kulala. Nimefanikiwa, na sijisikii nilivyodhani nitajisikia.

Sasa ninakuuliza jambo moja. Daktari ameandika kuwa alikufa kati ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja na nusu. Wewe unasema saa kumi alikuwa ameshakwenda. Mmoja wenu amekosea, na daktari hakuwa na sababu ya kuogopa.

Na nikueleze kwa nini nauliza, maana hujui, na kaka hajui, na sijawahi kumwambia mtu. Jumatatu, siku mbili kabla, baba alinipigia nikiwa zamu. Alisema kifua kinambana kidogo na mkono wa kushoto ni mzito. Nilikuwa na wagonjwa wawili wananiita na dripu mkononi. Nilimwambia ni uchovu, baba, umezeeka, jipumzishe. Tafuta mahali pa baridi ulale. Mimi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akinijibu hivyo namfukuza wodini.

Mimi nilimwambia alale, wewe ukamwacha alale.

Kila siku tangu Januari najiambia kwamba labda kifo kilikuja mara moja, kwamba alifumba macho basi, kwamba hata angekuwa wodini kwangu nisingeweza kitu. Kama saa kumi alikuwa ameshakwenda, ninaweza kuishi na hilo. Ninaogopa jibu lako kiasi kwamba nimeiandika barua hii mara tatu.

Ulipomwekea kofia mapajani, uligusa mkono wake? Ulikuwa na joto?

Usinihurumie.

Muuguzi


Jumamosi, 13 Aprili

Mwanangu,

Hukunisalimia, na sidai salamu.

Ulikuwa na joto.

Nimekaa na barua yako siku nne nikitafuta namna nyingine ya kuandika hayo maneno matatu, sikuipata. Mkono wa kulia. Nilipoiweka kofia, vidole vyake vilikishika kidole changu, hiki cha shahada. Si kwa nguvu. Kama mtoto mchanga anavyoshika. Nikadhani anaota. Nikakitoa kidole taratibu, kimoja kimoja nikivifungua vidole vyake, nisimwamshe. Nikamwambia, "Lala, mzee."

Sijawahi kumwambia mtu. Meneja hajui, fundi hajui. Nilipokuandikia kuwa nina hakika, hakika niliyokuwa nayo ni hii.

Sikujua, mwanangu. Nakuapia sikujua. Lakini nimejiuliza, kama ningeinua tochi usoni mara moja tu, ningeona nini? Wewe ungeona. Mimi labda ningeona mzee anayetoka jasho, nikamletea maji. Labda hata maji yangemfaa. Hofu yangu siku hizi si ya polisi tena. Nikijilaza kupumzika naviona vile vidole.

Hili nalo ulijue. Jumatatu nilibandua gazeti lako kwenye kioo, nikamwambia meneja mbele ya watu waliopanga foleni kuwa mzee alifia ndani, safu ya tisa, na mimi nilimpita mara mbili. Meneja aligeuka rangi ya tai yake ya kijani. Foleni ikavunjika hapo hapo. Alitaka kunifukuza, ila fundi wa mashine alisema nikitoka mimi naye anatoka, na mashine ile hakuna mwingine anayeiweza.

Basi bado nipo, na sasa ninawaamsha. Kila nusu saa napita safu zote, namulika uso, namgusa kila mtu bega. "Mzee, u mzima? Niambie kitu." Wananitukana vizuri tu. Mmoja alisema amelipia kiti na giza lake, na kwamba angetaka kuamshwa angebaki nyumbani na mkewe. Mwingine, wa Jumatano miaka sita, aliniangalia kama nimemwibia, akaondoka bila kungoja filamu ya pili. Hawarudi. Jumatano hii walikuwa wanne. Niliwaamsha wote wanne, mara tatu tatu.

Meneja ameniuliza kwa nini watu wamepungua tena. Safari hii sikumwacha aanze mambo ya simu. Nilimwambia ni mimi.

Sikuombi chochote. Ulisema nisikuhurumie, sikukuhurumia, na Mungu anajua nilitamani.

Mama Tochi


Jumatatu, 22 Aprili

Mama Tochi,

Nimepata barua yako. Likizo nimeiahirisha, sitakuja, angalau si sasa. Nikija nitataka kukishika kile kidole, na sijui kama nitakishika au nitakivunja.

Jana nilimwambia kaka yangu kuhusu ile simu ya Jumatatu. Alitoka nje akaenda kukaa kwenye gari, akafunga milango. Alikaa huko mpaka chakula kikapoa.

Sijakusamehe. Sijui hilo linaanzaje. Mimi mwenyewe sijajisamehe, na kama nitaanza na mmoja wetu sijui nianze na nani. Usiniandikie tena mpaka nikuandikie mimi.

Lakini Jumatano waamshe. Wakikutukana, waamshe. Akibaki mmoja ukumbi mzima, kaa kiti cha pembeni yake mpaka taa ziwake.

Binti wa mzee wa safu ya tisa